Mwenye Koo Hasemeshwi

Koo lenyewe halikuwa la maana. Naanza hivyo kwa sababu kila ninapohadithia habari hii watu hukaa mkao wa kusikia hospitali na sindano, na mimi huko sikufika hata mlangoni. Nilikuwa na mkwaruzo tu. Niliamka asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, chumba kimepoa kwa sababu hita naiwasha kwa kuiogopa, nikameza mate nikahisi nimemeza punje ya mchele mbichi. Nikajisemea, si kitu hiki. Nikapiga mswaki, nikamwita binti yangu aamke aende shule, na sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee wa kiume aliyevuta sigara maisha yake yote.

Binti yangu alicheka hukohuko kitandani. Ni kigori, kazaliwa hapahapa Woolwich, Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nafanana na roboti iliyoishiwa betri. Na mimi nikacheka. Kicheko kikakatika katikati, maana ndipo nilipomkumbuka mama.

Mama yangu yuko Tanga. Macho yalimfifia taratibu kwa presha ya macho, la kulia kwanza, la kushoto likafuata, na alipokwisha kuwa kipofu kumbukumbu nazo zikaanza kuaga. Alisahau majirani. Alisahau kuwa baba alishafariki, tukawa tunamfisha baba upya kila akiuliza, mama analia matanga mapya, mpaka tukaamua kusema baba yuko shamba. Mdogo wangu wa kike ndiye anayeishi naye, ndiye anayemwogesha na kumlisha, na mama humwita "yule mama wa jikoni". Mtu aliyemzaa mwenyewe! Mdogo wangu hulia, kisha hucheka, husema heri mama wa jikoni kuliko mwizi, maana ziko siku huitwa mwizi.

Aliyebaki kichwani mwa mama ni mimi peke yangu, na si mimi mzima, ni sauti yangu. Sura ameisahau, na picha za video zina faida gani kwa asiyeona. Kila siku mchana wa London, kule ikiwa alasiri, nilikuwa napiga, mdogo wangu anamwekea simu sikioni, nasema, "Shikamoo, mama." Naye kabla hajaitikia huwageukia waliopo, au hata kama hapana mtu, akasema, "Mnaisikia hiyo? Sauti yangu hiyo. Huyu nimemzaa mimi." Ndipo anaitikia marahaba, na kuniita kwa jina langu la utotoni. Siku sauti ile isipofika, hali chakula. Anafumba mdomo, na ukimsogezea kijiko anakipiga kwa mkono.

Mtu ataniuliza, basi si uende ukamwone? Wallahi swali hilo limenizeesha. Karatasi zangu za kuishi nchi hii zilikuwa zimeombwa upya na zinangoja majibu, na sheria yao ni kwamba ukivuka mpaka majibu hayajatoka, umelifuta ombi mwenyewe. Ningetoka, nisingerudi, na binti yangu yuko hapa na shule yake na maisha yake. Kwa hiyo nilikuwa kama kuku aliyefungwa mguu: kamba ndefu ya kutosha kufika kazini na sokoni, basi. Watu wananiambia vumilia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Haya. Mchana wa siku ile nikapiga simu. Nilikuwa nimekunywa maji ya moto, nimekohoa, nimejaribu sauti bafuni, nikaona yafaa. Mdogo wangu akapokea, akasema, "Dada, vipi? Mbona sauti hivyo?" Nikamwambia koo tu, mpe mama. Nikamsikia akimwekea simu sikioni, nikasikia pumzi za mama, nikasema, "Shikamoo, mama."

Nikasema tena:

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Nani huyo mwanamume?" mama akauliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mama wa jikoni. "Mwanamume gani huyu mnaniletea sikioni? Mimi mjane, sina mazungumzo na wanaume."

Mdogo wangu akacheka kwa woga, akamwambia ni mwanao wa Ulaya, anaumwa koo. Mama akazidi kupaza sauti. Mwanangu simjui mimi? Mnanidanganya kwa kuwa sioni! Akaanza kulia kile kilio chake kipya cha kitoto, kisicho na machozi, na mdogo wangu akakata simu. Nilibaki nimesimama jikoni nimeshika simu. Na ajabu ya kwanza ni kwamba sikulia. Nilikasirika. Nilijishika shingo kwa mkono, nikataka kulinyonga lile koo.

Kazini nilishapiga simu asubuhi. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee, nawavisha, nawalisha, nawageuza, na tangu wakati wa korona utaratibu wetu ni kwamba mwenye koo asikanyage. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani, na nafasi ninayo, na nikaapa kwamba koo hili nitalitoa kwa nguvu.

Kwanza nikaenda duka la dawa pale barabara kuu. Mfamasia, kijana mpole, akanimulika kwa kurunzi ndogo, akasema ni wekundu kidogo tu, hamna usaha, sina homa. Maji ya uvuguvugu, kusukutua kwa chumvi, asali, paracetamol nikiumwa, na kuipumzisha sauti. Litaondoka lenyewe, akasema. Kwa watu wa nchi hii kila kitu kitaondoka chenyewe. Mvua itaondoka yenyewe, baridi itaondoka yenyewe, upweke utaondoka wenyewe. Nikamwuliza, lini? Akasema yapata wiki moja. Wiki! Akaona uso wangu ulivyoanguka, akadhani naogopa maradhi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ni jambo dogo sana. Nikamshukuru nikatoka. Ningemwelezaje, na watu wamepanga foleni nyuma yangu?

Sokoni nikanunua tangawizi, malimau, karafuu na chupa ya asali. Yule mama wa Kinaijeria anayeniuzia viungo alinisikia nikiuliza bei akaweka mkono kifuani kwa huruma, akaniongezea kipande cha tangawizi kikubwa kama kiganja. Nikarudi nyumbani nikakitwanga chote. Chote! Dawa ya moto ni moto, nikajidai. Nikachemsha mpaka madirisha yakatoka jasho, nikakamulia malimau mawili, nikanywa ingali inaunguza. Mtume! Macho yalinitoka. Lile koo lililokuwa likikwaruza tu likawaka, nikakaa sakafuni nimeuegemea mlango wa jokofu nikihema. Na sauti, nilipoijaribu, ilikuwa imeshuka zaidi.

Sikukoma. Nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi, nikawa nadondosha mate kwenye kanga. Nilichoma chumvi ya mawe kwenye kikaango, nikataka kuifunga katika kitambaa nijikande shingo, kama tulivyokuwa tukikandwa utotoni. Kikaango kikatoa moshi, king'ora cha moshi darini kikapiga kelele jengo zima likasikia, na jirani wa juu akashuka kuuliza kama kuna moto. Nikamfungulia mlango sina sauti ya kumjibu. Nikawa namwonyesha kwa mikono, chumvi, koo, hakuna moto, pole. Alinitazama mimi, akatazama kikaango, akapanda ngazi kurudi kwake. Nikafunga mlango nikaona haya ya bure, na nyuma ya haya ile kulikuwa na uchungu ambao sikutaka kuugusa.

Binti yangu aliporudi shule alinikuta nimejifunika shuka juu ya beseni la maji ya moto. Akaniondolea shuka. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimejiunguza uso, na kwamba mwalimu wao wa kuimba husema sauti ikichoka dawa yake ni kuiacha. Akaniwekea asali kijiko kimoja katika maji ya vuguvugu, si ya moto, akakaa akanitazama nikinywa kidogo kidogo. Ilishuka vizuri. Ile ndiyo dawa ya kwanza iliyonifaa siku nzima.

Na hapo ndipo nilipokumbuka. Kuiacha sauti! Si hilo hasa ndilo neno la mama?

Kwetu mtoto akiumwa koo, mama hakuanza na tangawizi. Alichana ukanda wa kanga kuukuu akakufunga shingoni, na ukishafungwa ukanda ule, ndani ya nyumba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kukusemesha. Mwenye koo hasemeshwi, ndiyo ilikuwa sheria. Hata shikamoo ulisamehewa. Nyumba yetu ilikuwa ya adabu, mtoto asiyeamkia wakubwa alikula kofi, lakini mwenye kanga shingoni alipita mbele ya babu yake mzaa baba akainamisha kichwa tu, na babu akamjibu marahaba bila kuambiwa kitu. Wageni nao wakikuona wanajua. Mama alisema koo ni kidonda, na kila neno ni ukucha unaokikuna. Basi utakaa kimya, unakunywa uji mwembamba, unasukutua maji ya chumvi, mpaka yeye mwenyewe aje akufungue, akwambie, "Haya, niamkie." Na ukimwamkia sauti ikatoka safi, alicheka mpaka mwanya wake ukaonekana. Na sisi tulikuwa tunafikiri yeye ndiye ameirudisha.

Nikatafuta kanga yangu ya zamani, nikachana ukanda, nikajifunga. Nikamwandikia mdogo wangu: "Mwenye koo hasemeshwi. Nanyamaza mpaka lipone. Mwangalie mama." Akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka na moyo. Aliikumbuka. Nilijisikia vizuri siku hiyo, nasema kweli. Nilihisi mama ananiuguza kwa mkono wake uleule, ng'ambo ya bahari, bila yeye kujua. Nilijiona mtoto mtiifu.

Kunyamaza si kazi ngumu London. Unaweza kupanda basi, kununua maziwa, kupokea mzigo mlangoni, usitoe neno, na hakuna atakayeona una kasoro. Asubuhi nilisukutua maji ya chumvi, mchana pia, jioni pia. Asali, uji wa sembe mwembamba, maji ya vuguvugu. Binti yangu alinisemesha nikamjibu kwa kichwa, akasema nimekuwa mama mzuri kuliko kawaida. Koo likaanza kulainika. Lakini ujumbe wa mdogo wangu nao ukaanza kuingia.

Mama amekunywa chai tu. Mama anauliza ile sauti iko wapi. Mama amekataa ndizi, amekataa uji, anasema mmemficha mwanangu. Mama analala njaa, dada, fanya kitu.

Nilisoma jumbe zile nimekaa kwenye kochi, kanga shingoni, na kila nikifungua mdomo nijaribu, sauti ilikuwa ileile ya mzee wa sigara. Nimpigie nimtie hofu tena? Nisipige afe njaa? Sijawahi kujichukia vile. Mwanamke mzima, naweza kubeba mzee wa kilo tisini kutoka kitandani mpaka kitini, siwezi kutoa neno moja la kumlisha mama yangu.

Ndipo mdogo wangu akaniandikia kwamba katika simu yake ya zamani, ile isiyo na laini, kuna ujumbe wangu wa sauti wa tangu kiangazi. Mtandao ulikuwa unakatikakatika siku hiyo, nikaacha kupiga nikarekodi. Je, amsikilizishe mama? Alikuwa anasita. Alisema anaona kama ni kumdanganya.

Nami nikamjibu kwa vidole vya haraka, vidole vya mtu anayejua kazi. Nikamwandikia kwamba si udanganyifu. Nikamwandikia kwamba hata sisi kazini tunafanya hivyo, kuna bibi tunamwekea sauti ya mumewe iliyorekodiwa na watoto wake, anatulia, anakunywa supu. Nikamwandikia kwamba kwa maradhi haya hubishani na mgonjwa, unaingia katika dunia yake ukakaa naye humo. Niliandika kama mwalimu. Nikamaliza: "Mwekee sasa hivi."

Ujumbe wenyewe naujua mpaka leo, pumzi kwa pumzi. Nilikuwa nakaanga vitunguu, na vinasikika. Nasema: "Shikamoo, mama yangu. Umekula? Kula basi, kula ushibe, usinitie wasiwasi. Mimi nakuja, mama. Si muda nakuja." Nilisema nakuja kama sisi sote tulio huku tunavyosema nakuja. Ni neno la kufungia maongezi. Inshallah nakuja, haya, wasalimie. Hakuna anayekwenda kufungasha sanduku kwa neno hilo.

Muda mfupi baadaye mdogo wangu akanitumia rekodi ya mama akijibu. Nikaiweka sikioni. Nikamsikia akisema, "Mnaisikia hiyo? Sauti yangu hiyo," kwa furaha. "Marahaba, mwanangu. Nimekusikia. Njoo, nakungoja." Na akala. Bakuli zima la uji na maziwa, mdogo wangu alisema, na akaomba jingine. Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu wetu alikuwa anauagiza! Nililia kwa raha, kimya kimya, nisiliumize koo. Binti yangu akanikumbatia. Nilidhani nimeokoka.

Tangu hapo kila wakati wa kula mdogo wangu alimwekea mama sauti ile. Kisha mama akataka hata nje ya wakati wa kula. Akaomba simu ile akae nayo mwenyewe, mdogo wangu akamwonyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza, akabandika kipande cha plasta ili aguse apajue. Mtu asiyekumbuka jina la mtoto aliye mbele yake akajifunza kitufe! Analala nayo chini ya mto, mdogo wangu aliniandikia, na tunacheka jinsi anavyokujibu. Mimi nilifurahi. Nilimwandikia, mwache nayo, inamtuliza.

Koo likapona, kama alivyosema yule kijana wa duka la dawa. Liliondoka lenyewe. Asubuhi moja nilimeza mate nikangoja ile punje ya mchele, haikuwepo. Nikafungua ukanda wa kanga. Nikakaa kitandani nikasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama," na sauti ikatoka yangu, safi, ile niliyopewa. Nikamwita binti yangu, akaja mbio, nikamwambia niamkie. Hakuelewa kwa nini, lakini akaniamkia kwa Kiswahili, shikamoo mama, na lafudhi yake ile ya huku. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Ilikuwa Jumamosi. Nilioga, nikavaa vizuri kama naenda arusini, eti kwa mtu asiyeona. Nikapiga.

Mdogo wangu akapiga kigelegele alivyonisikia. "Mama! Mwanao huyu, amepona!" Nikasikia simu ikiwekwa sikioni. Nikasikia pumzi zake. Nikasema, "Shikamoo, mama."

Nikangoja ageukie watu. Nikangoja aseme mnaisikia hiyo. Nilikuwa nimesimama dirishani, chini watu wanasukuma vitoto vyao katika vigari kwenda sokoni, na nilikuwa natabasamu.

"Marahaba," akasema. Marahaba ya mtu wa barabarani. "Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu tumeshaongea leo," akasema. "Tumeongea asubuhi, na baada ya chai tumeongea tena. Yuko njiani anakuja. Wewe nani?"

Nikamwambia, mama, ni mimi ndiye ninayekuja, sikiliza sauti. Akasikiliza. Nasema kweli alisikiliza, maana hakuwa na ubaya. Kisha akasema, "Sauti umeichukua vizuri. Lakini mwanangu hasemi hivyo. Mwanangu husema anakuja, na mimi nile." Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuiga. Nilisimama pale dirishani nikajiiga mwenyewe. Shikamoo, mama yangu. Umekula? Kula basi, kula ushibe. Koo jipya, sauti safi, kila neno mahali pake. Vitunguu tu ndivyo sikuwa navyo.

"Astaghfirullah," mama akasema. "Unamwiga mtoto wa watu."

Nikataja jina langu la utotoni. Nilikuwa nimelibakiza mwisho. Akashtuka, akauliza jina hilo nimelipata wapi, ni nani amenipa, na nikasikia woga ukimpanda. Mdogo wangu akaingilia, maskini, akidhani anasaidia. Akasema, "Mama, sikiliza sauti ya ile simu yako na hii uone ni moja," akambonyezea. Nikajisikia mwenyewe nikitokea upande wa pili. Nikajisikia nimechangamka, nina mafuta yanachuruzika kwenye kikaango, nina kiangazi dirishani. Mimi nakuja, mama. Si muda nakuja.

"Marahaba, mwanangu!" mama akaitikia, na sauti yake yote ikafunguka. "Mnaisikia hiyo? Sauti yangu hiyo. Huyu nimemzaa mimi." Kisha akainamia ile simu isiyo na laini, nikasikia sauti yake ikiniondoka, akaiambia kwa kunong'ona: "Njoo upesi. Kuna mwanamke hapa kwenye simu anajifanya wewe."

Mdogo wangu akaanza kulia. Nyuma yangu binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia mdogo wangu aichukue ile simu aitupe chooni, aivunje kwa jiwe. Na nilijua kwamba jioni ile mama hatakula bila ile. Hakuna dawa ya hilo. Hakuna chumvi, hakuna asali. Na karatasi zangu zilikuwa bado zimelala mezani kwa mtu nisiyemjua.

Sikukata simu. Nilishindwa kukata. Nikawa nimeishikilia tu, napumua, na mama akanisikia nikipumua. Alikuwa ametulia sasa, ameshazungumza na mwanawe.

"Wewe mama," akaniita kwa upole, vile alivyokuwa akiwasemesha zamani wageni waliokosea nyumba. "Bado upo?"

"Nipo," nikasema.

"Usilie. Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi unahangaika nini na mama za watu? Mpigie wako. Huenda amekaa anakungoja."

Nikamwambia ndiyo, nitampigia kesho, saa hiihii.